Buluu Kwenye Soli

Sanduku lilikuwa wazi, tupu, na zima. Hilo la mwisho ndilo lililomkera Inspekta. Mwizi mwenye adabu huacha walau mkwaruzo mmoja wa kumliwaza mpelelezi. Huyu hakuacha kitu. Kufuli lilikuwa limefunguliwa kwa ufunguo wake halali, kifuniko kimeinuliwa taratibu, na kitambaa chekundu cha ndani kilikuwa bado na bonde la siwa iliyolala humo tangu mji upate baraza lake.

Siwa yenyewe ilikuwa fimbo nene ya mti mweusi, urefu wa mkono wa mtu mzima, yenye kichwa cha shaba kisichozidi ngumi. Ungeipeleka sokoni ungerudi nayo. Lakini kanuni za baraza hazina mzaha: siwa isipokuwapo mezani mbele ya Meya, hata madiwani wote wajae ukumbini na suti zao, hicho si kikao, ni kijiwe. Na kesho asubuhi baraza lilitakiwa kukaa lipige kura moja tu, ya kuuza bwawa la kuogelea la mji. Asubuhi hiyohiyo, kama siwa haijaonekana, Mpambe angepandishwa kizimbani kwa wizi. Mpambe ndiye aliyeibeba siwa kuingia na kutoka ukumbini, na ufunguo wa sanduku alikuwa nao yeye peke yake. Mkuu wa upelelezi alikuwa ameshatia sahihi hati ya mashtaka.

Inspekta alimwagiza koplo wake amtoe Mpambe mahabusu, amlete humo katika chumba cha siwa, ghorofani kwenye jengo la baraza. Alikuja bila mkanda wala kamba za viatu, lakini kola yake ilikuwa imefungwa mpaka juu.

"Tuanze upya, mzee wangu," Inspekta alisema. "Juzi uliisafisha siwa?"

"Niliisafisha. Kila wiki huwa naisafisha."

"Na nani?"

"Peke yangu, mwanangu."

Tangu jana alikuwa akimwita mwanangu, na Inspekta, mwanamke ambaye kustaafu kulikuwa kunamchungulia dirishani, hakuwa na moyo wa kumkataza. Alielekeza kidole kwenye meza ndogo kando ya sanduku. Viti viwili vilikuwa vimetazamana. Katikati kulikuwa na kopo la dawa ya kung'arishia shaba, na pembeni yake vitambaa viwili, kimoja huku, kingine kule.

"Vitambaa vyote viwili vina dawa," alisema. "Vyote vinanuka. Wewe una mikono mingapi?"

Mpambe alitazama dirisha.

"Na ufunguo ulikuwa wapi?"

"Kiunoni."

"Muda wote?"

"Andika ni mimi," Mpambe alisema. "Nimezeeka. Jela au nyumbani, kulala ni kulala."

"Unamlinda nani?"

"Mimi kazi yangu ni kulinda siwa, mwanangu."

"Kazi hiyo imekushinda juzi," alisema Inspekta, kisha akajuta, maana macho ya mzee yalijaa machozi papo hapo. Alimpa kitambaa chake mwenyewe, akamwambia koplo amrudishe taratibu na amtafutie godoro.

Koplo, mtu mzima mwenye magoti mabovu na imani isiyotikisika, alirudi na jibu lake la tangu jana. "Afande, ni yule Diwani wa upinzani. Si alipiga meza mbele ya watu wote, akasema mtauza bwawa baada ya kunizika?"

"Umekwenda kumwona?"

"Nimekwenda." Koplo alikuna shingo. "Amelazwa. Ametolewa kidole tumbo, hajashuka kitandani wiki nzima. Nesi anasema hata huko anahutubia wodi."

"Basi mwache ahutubie."

Waliteremka langoni. Mlinzi wa lango alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kukemea, na alikemea kabla hajaulizwa.

"Juzi hakuingia mgeni hapa. Hata mmoja! Kama kuna mtu anasema nililala, aje aseme mbele yangu."

"Hakuna mtu kabisa aliyekwenda ghorofani kwa Mpambe?"

"Hakuna. Labda Baba Taa, lakini yule si mgeni."

Inspekta alifumba macho kidogo. Jana nzima watu walikuwa wamehojiwa kuhusu wageni, wamekula viapo kwamba hawakuona mgeni, na wote walikuwa wakweli. Nani angemhesabu Baba Taa kuwa mgeni? Alikuwa Meya wa mji huu kwa miaka mingi, kabla mwanawe hajakikalia kiti kilekile. Yeye ndiye aliyetia taa katika mitaa ambayo Inspekta alikulia, mitaa ambayo ukitumwa dukani jioni ulikuwa unakimbia huku umefumba macho. Zilipowashwa mara ya kwanza, mama yake alitoka nje na kiti, akakaa chini ya nguzo akichambua mchele, si kwa sababu jikoni kulikuwa giza, bali kwa raha tu.

"Alikuja na nini?"

"Na mwavuli wake. Jua lilikuwa la kupasua kichwa, akaja ameufungua kama bwana mkubwa. Tukasalimiana, akapanda."

"Na alipotoka?"

"Akatoka."

"Mwavuli ameufungua?"

Mama wa lango alifikiri. Sauti ikashuka. "Hapana. Aliukumbatia kwapani. Jasho linamtiririka, mwavuli umefungwa. Nikamwambia, mzee wangu, jifunike. Akanijibu, jua la mji wangu haliwezi kuniumiza."

Koplo alimtazama Inspekta. Inspekta alipima hewani kwa mkono wake, toka kwapani mpaka kwenye vidole, urefu wa fimbo ya mti mweusi.

* * *

Nyumba ya Baba Taa ilikuwa ya kawaida mno kwa mtu aliyewahi kuwa na mji mzima mfukoni. Inspekta alivua viatu kwenye baraza, na alipoinama kuvipanga, akaona vya mwenyeji. Vilikuwa vyeusi, vimepigwa rangi mpaka vinang'aa. Kimoja kilikuwa kimelala ubavu. Soli yake ilikuwa ya buluu.

Alikishika kiatu kile kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika kwa upelelezi.

Hapakuwa na buluu nyingine kama ile mjini. Ilikuwa rangi ya sakafu ya bwawa la mji, rangi mbaya, ya chokaa, iliyobanduka tangu siku ilipopakwa na kung'ang'ania nyayo za watoto. Ulitoroka shule, ukaenda kuogelea, ukajikausha nywele juani, ukarudi nyumbani na uso wa malaika. Mama hakukuuliza kitu. Alisema tu, "Inua mguu." Basi, umekwisha.

"Ingia, mwanangu, ingia," sauti ilisema kutoka ndani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu chai."

Mezani palikuwa na vikombe viwili na birika lililofunikwa. Mzee alikwenda kabatini kwa mwendo wa taratibu, akamletea Inspekta kikombe cha tatu. Inspekta aliliona hilo, akalichukulia kuwa ni mambo ya wazee. Gari lilipita nje. Mzee alisita kumimina, akasikiliza mpaka gari lilipopotea, ndipo akamimina.

"Siwa imepotea, mzee."

"Nimesikia."

"Mpambe yuko mahabusu. Kesho anapelekwa mahakamani."

Birika liligonga kikombe. "Nani kasema?"

"Hukuambiwa?"

"Hakuna aliyeniambia hilo." Mzee aliketi, akawa mdogo ghafla ndani ya koti lake. "Nilimtuma maji ya kunywa. Aliacha funguo mezani, kama anavyofanya siku zote mimi nikiwapo. Mtoe. Kama ni mimi unayenishuku, niandike mimi."

"Nikikuandika bila siwa mkononi, hawatamtoa. Watasema mzee kachanganyikiwa, anamtetea rafiki yake. Niambie iko wapi."

Mzee alitikisa kichwa. Hakuwa mkaidi, alikuwa na huzuni tu. "Mahali ilipo nitamtajia mtu mmoja, akija kuniuliza. Tangu atangaze kuliuza lile bwawa, hajakanyaga hapa. Nikipiga simu, naambiwa Mheshimiwa yuko kikaoni. Mimi! Vikao hivyo nilivianzisha mimi."

"Mzee, sina muda wa kumsubiri."

"Basi wewe ni mpelelezi," alisema Baba Taa, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Peleleza. Lakini kunywa chai kwanza."

Alikunywa. Isingekuwa adabu kukataa, na ukweli ni kwamba alikuwa ameshajua anakokwenda.

* * *

Lango la bwawa lilikuwa na kufuli kubwa, na bango la kuonya watu. Inspekta hakujisumbua nalo. Alizunguka nyuma, akapapasa ua wa michongoma, na tundu likawa palepale lilipokuwa utotoni mwake. Lilikuwa limepungua kidogo, au yeye ndiye aliyeongezeka. Koplo alilazimika kumsukuma, akiomba radhi kila alipomgusa.

"Usicheke."

"Sicheki, afande. Nakohoa."

Bwawa lilikuwa kavu. Majani makavu yalikuwa yamerundikana upande wa kina, pale walipokuwa wakishindana kuzamia. Ubao wa kurukia bado ulikuwepo. Inspekta alisimama akasikia kelele zote kwa pamoja, filimbi ya mwalimu wa kuogelea, vilio vya waliomwagiwa maji, jina lake likiitwa na watoto ambao sasa wengine ni wazee na wengine hawapo. Alitamani kuketi alie. Badala yake alichungulia chumba cha kubadilishia nguo, akamwambia koplo asikanyage ndani.

Sakafu ilikuwa imetandwa na vumbi la buluu, na vumbi lilikuwa limeandika kila kitu. Nyayo za kwanza zilikuwa pana, za mtu anayeburuta mguu, na kando yake vishimo vidogo vya ncha ya mwavuli. Zilikwenda mpaka kwenye safu ya makabati ya chini, yale ya watoto, zikarudi mlangoni.

"Ndiye Baba Taa," koplo alinong'ona.

"Ndiye. Na huyu?"

Juu ya nyayo za mzee kulikuwa na nyingine. Viatu vyembamba, vya ncha, kisigino kikali. Vilikuwa vimekanyaga juu ya zile pana, kwa hiyo vilikuja baadaye. Vilifika kabatini, vikageuka, vikaenda kwenye benchi fupi la watoto lililoelekeana nalo. Vumbi la benchi lilikuwa limefutika mahali pamoja, upana wa mtu mmoja. Chini yake sakafu ilikuwa imesuguliwa huku na huku, mara nyingi.

Inspekta alipita kando ya ukuta, koplo nyuma yake, akafungua kabati. Siwa ilikuwa imefungwa ndani ya taulo la mtoto, la mistari, lililofuliwa hadi likapoteza rangi. Ncha moja ya taulo ilikuwa imefunuliwa, kisha ikafunikwa tena, vibaya, kwa haraka.

Koplo alinyoosha mkono.

"Acha," Inspekta alisema. "Itabebwa na mwenye kazi yake. Wewe kaa hapa ulinde."

"Lakini huyu wa pili ni mshirika, afande. Tumtafute."

"Mshirika angeondoka nayo. Huyu aliiona, akaketi, akaiacha. Na hakupita kwenye tundu kama sisi, maana ua ulikuwa haujaguswa. Aliingia langoni kwa ufunguo. Funguo za lile kufuli ni mbili tu, mmoja alipewa Baba Taa siku ya ufunguzi."

"Na wa pili?"

"Unaning'inia ofisini," alisema Inspekta, akaanza kurudi kwenye michongoma.

* * *

Meya alikuwa akitia sahihi makaratasi. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi za kupendeza, suti iliyomkaa, na sauti iliyozoea kipaza sauti. Ukutani, mbele yake kabisa, palikuwa na picha ya baba yake akiwa na mkufu wa umeya, ili kila akiinua macho wakutane.

"Mmefika wapi, Inspekta?"

"Bwawani, Mheshimiwa."

Kalamu ilisimama.

"Ufunguo wa lango la bwawa anautunza nani?"

"Ofisi."

"Ofisi ni nani?"

"Katibu wangu. Wahandisi. Watu wengi wanauchukua."

"Watu wengi hao wana viatu vya ncha?"

Inspekta alitazama chini. Zulia lilikuwa la kijivu, na kutoka mlangoni mpaka mezani palikuwa na madoa hafifu ya buluu, yanafifia kadiri yanavyokwenda, mpaka yakaishia chini ya kiti cha mkubwa.

Meya aliyafuata macho yake. Aliyaona. Kwanza uso ulikaza, kisha, bila kutaka, akacheka. "Umejuaje?"

"Mama yangu alinikamata hivyohivyo."

"Na wewe ulikuwa unatoroka?"

"Nani hakutoroka?"

"Mimi mama alifariki mapema. Alinikamata baba. Alikuwa anatoka kikaoni, mkufu bado uko shingoni, hajanywa hata maji, ananiambia: inua mguu." Meya alivua miwani. "Zawadi zangu zote alizificha kwenye lile kabati. Saa yangu ya kwanza. Viatu vya mpira. Jana waliponiambia sanduku halijavunjwa, nilijua. Nikaenda moja kwa moja. Hata taulo ni langu."

"Kwa nini hukuichukua?"

"Nikiichukua, nakaa, napiga kura, nauza. Nisipoichukua, sifanyi kitu. Nikasema nimsubiri. Nilidhani atakuja kuiangalia, anikute, anitukane palepale, yaishe. Nikakaa kwenye benchi mpaka miguu ikafa ganzi. Hakuja."

"Na Mpambe?"

Meya alifuta vioo vya miwani yake.

"Mheshimiwa, ulijua yuko ndani."

"Nilijua."

"Basi nikuambie kama ninavyoiona," Inspekta alisema, na sauti yake haikuwa tena ya mtu wa serikali. "Wewe na mzee wako mmenuniana, yeye anasubiri kule, wewe unasubiri huku, na katikati yenu mtu mzima analala sakafuni bila kamba za viatu. Hamwoni haya?"

Hakuna aliyewahi kumsemesha Meya hivyo katika chumba kile, isipokuwa labda yule wa kwenye picha. Alishika tama. Kisha akainua simu mwenyewe, bila kumwita katibu, akamtaka mkuu wa upelelezi.

"Siwa imeonekana. Mpambe hana kosa, mtoeni saa hii. Ndiyo, najua ulitia sahihi. Nasema mimi nilijua ilipo tangu jana, nikanyamaza. Maelezo yangu anayaandika Inspekta hapa." Aliweka simu chini. "Andika yote."

"Na ya mzee?"

"Ya mzee mpaka nimuulize mwenyewe. Ila sijui kama atanifungulia mlango."

Hapo ndipo kikombe kilipomrudia Inspekta akilini. Aliona aibu, mpelelezi mzima, kwamba kilikuwa mbele ya macho yake na akakipita.

"Mezani kwake kuna vikombe viwili," alisema. "Viliwekwa kabla sijafika."

"Ana mgeni?"

"Hana. Mimi alinitolea changu kabatini."

Meya alimtazama, akatazama picha, akasimama. Alisahau koti lake kwenye kiti.

Njiani, ndani ya gari la polisi, Inspekta alipigiwa simu na koplo kutoka bwawani, naye alikuwa amepata habari za kituoni. Mpambe ametoka, alisema, lakini amegoma kwenda bwawani. Anataka glovu zake nyeupe kwanza, na mkanda, na kamba za viatu, na hataki kuona mkono wa polisi kwenye siwa. "Mpeni," Inspekta alisema, akajifuta macho kwa mgongo wa mkono maana kitambaa chake alikuwa ameshakigawa.

"Kesho tutakaa," Meya alisema, kana kwamba anajisemesha. "Kura yangu nitaijua nikishamsikia."

Inspekta alibaki garini. Alimwona akipanda baraza, akisita, akigonga mlango wa nyumba aliyozaliwa kama mtu anayekuja kuomba kazi. Mlango ulifunguka haraka mno, kwa mtu mwenye mwendo wa taratibu vile. Baba Taa hakumtazama mwanawe usoni. Alitazama chini, kwenye viatu vya ncha, na akakaa hivyo, ameshika mlango.

"Inua mguu," alisema.

Meya wa mji mzima akashika ukuta asianguke, akainua mguu.

Mzee aliinama, akaigusa soli kwa kidole, akakitazama kidole chake kilivyogeuka buluu. Mabega yalianza kumtikisika. Inspekta hakuweza kujua, kwa umbali ule, kama alikuwa akicheka au akilia.

"Ingia," alimsikia akisema. "Chai imepoa, lakini ipo."